Kanda ya Sita: Miaka Thelathini na Mitatu ya Mzee Elkanah Mramba

Mzee Elkanah Mramba, Mkuu wa Kitengo cha Hifadhi ya Data katika Kituo chetu cha Kumbukumbu za Mikoko hapa Gazi, anastaafu Jumatatu tarehe 31 Agosti 2026, baada ya kukitumikia kituo kwa miaka thelathini na mitatu kamili. Katika muda huo wote alikosa kazini kwa ugonjwa siku kumi na moja tu. Nane kati ya hizo daktari aliziandika malaria, lakini Mzee hadi leo anashikilia kwamba ilikuwa ni baridi ya chumba cha mashine.

Nimeombwa mimi, Judy Nasimiyu, niandike wasifu huu kwa sababu nimekaa naye katika chumba hicho cha baridi miaka minane na ushei. Ili tarehe zisinipige chenga niliomba nifunguliwe faili lake la kazi. Nilikuta barua za pongezi, vyeti vya mafunzo, ombi moja la likizo lililoandikwa kwa mwandiko wa kusomeka kama kitabu cha darasa la kwanza, na barua moja ya onyo ya Juni 2018. Mwandishi mwenye adabu angeiruka barua hiyo, kwani siku ya sherehe si siku ya kufukua makaburi. Mimi siiruki. Ni yeye aliyeibeba barua hiyo, lakini haikuwa yake, na sitaki aondoke hapa nayo.

Tuanze mwanzo. Mzee Mramba alizaliwa Kinango mwaka 1966 katika nyumba ya wafugaji. Aliajiriwa hapa Septemba 1993 kama karani wa stoo, wakati kituo kizima kilikuwa nyumba ya vyumba viwili na choo cha nje. Vipimo vya mikoko viliandikwa kwa penseli na akina mama wa Gazi, Bodo na Vanga waliokuwa wakiingia matopeni maji yakitoka. Karatasi zilifika ofisini zimelowa, naye akizianika juu ya meza kama dagaa, kisha akizipiga chapa moja moja. Hakuna aliyemwagiza. Aliona tu kwamba karatasi zikikaa zimelowa siku mbili, penseli haisomeki tena, na kazi ya mtu imepotea.

Kompyuta ya kwanza ilipokuja mwaka 1998 alijifundisha mwenyewe. Zikaja disketi, zikaja diski, na mwaka 2004 zikaja kanda: vile vibweta vya plastiki vyenye utepe ndani, ambavyo mashine huviandikia nakala ya kila kitu ili siku ya balaa kuwe na pa kukimbilia. Kila mtu alifurahi. Kanda zikawekwa kabatini, kabati likafungwa, tukalala.

Mwaka 2006 diski ya Vanga iliharibika. Kabati likafunguliwa, kanda zikatolewa, na ikaonekana kwamba hewa ya chumvi na unyevu ilikuwa imezila zikiwa pale pale. Vipimo vya miaka miwili vya akina mama wa Vanga vilipotea siku hiyo na havijapatikana hadi leo. Waliokuwapo wanasema Mzee Mramba alifunga safari hadi Vanga kuwaambia mwenyewe. Tangu hapo, mtu akimwambia akiba haiozi, humjibu kwa upole kwamba huenda haiozi kwao, lakini Gazi huoza, tena upesi.

Kutokana na msiba huo alianzisha mambo mawili ambayo wafanyakazi wote wanayajua na wengi wetu tumeyacheka.

La kwanza ni hotpoti. Kanda zikawa hazilali tena zote Gazi. Kila Ijumaa alipeleka moja Kinango, nchi kavu isiyojua chumvi, katika kabati la chuma la ofisi ya shule moja ambako karani wake, Bwana Randu, alikubali kuziweka. Alizibeba ndani ya hotpoti kubwa ya chakula, kwa sababu kifuniko chake kinakaza na unyevu hauingii. Siku moja askari wa kizuizi cha barabarani walimsimamisha saa saba mchana wakiwa na njaa zao, wakaomba kuona pilau. Alifungua. Inasemekana walitazama ile kanda kwa muda mrefu kabla ya kumruhusu kupita, na tangu siku hiyo walimwita Mwalimu, wala hajapata kujua kwa nini.

La pili ni Alhamisi. Kila Alhamisi saa tisa alasiri Mzee alimfuata mtu yeyote ofisini, mpishi, dereva, mtafiti, mgeni, akamwomba ataje kitu kimoja kilichohifadhiwa humu tangu zamani: picha, jedwali, barua. Kisha aliitia kanda kwenye mashine na kukitafuta kitu hicho humo mpaka kitokee. Alikuwa akitueleza kwamba baba yake hakuhesabu mbuzi kwa kusikia njuga. Alisimama mlangoni pa zizi akamgusa kila mmoja mgongoni anapoingia. Ripoti inayosema nakala imekamilika ni njuga tu, alisema, na yeye anataka kugusa mgongo. Sisi tuliojiona wajanja tulijificha msalani ikifika saa tisa kasorobo.

Mimi nilifika Desemba 2017 kutoka Kitale, nina cheti kipya na mdomo mwepesi. Asubuhi ya kwanza nilimsalimia Mzee kwa kumwambia sasa, kama mtu wa rika langu. Hakunikemea. Aliniuliza kama nimelala salama, kama safari ilikuwa njema, kama wazazi hawajambo, kama nimepata pa kukaa, kama maji ya huku yananikubali, na alipomaliza nilijikuta nimesema shikamoo bila kuambiwa. Alikuwa amevaa sweta la zambarau lililofumwa na mkewe, Mama Lenah, nje jua likiwaka la kupasua mawe. Nilidhani nimeletwa kufanya kazi na kichekesho.

Mwezi Februari 2018 ikawashwa klasta yetu. Kwa wasioijua, ni mashine tatu za kuhifadhi data zilizounganishwa zikafanya kazi kama moja. Wewe unayetumia unaliona jina moja tu, jina la pamoja, hujui kitu chako kimekaa katika mashine ipi. Ndani, mafolda huhamishwa na mfumo wenyewe, kutoka mashine iliyolemewa kwenda iliyo na nafasi. Wengi walidhani mashine tatu ni nakala tatu. La hasha. Folda hukaa katika mashine moja tu kwa wakati, na mashine hiyo ikifa limekwenda nayo. Kwa hiyo kanda zilibaki kuwa kinga yetu pekee. Zilikuwa sita, zikishika zamu: kila Ijumaa moja huandikwa, na ikifika zamu ya kongwe kuliko zote, nayo huandikwa upya juu ya yaliyokuwamo.

Wiki ile ile klasta ilipowashwa, Mzee alifiwa na mama yake. Alikwenda Kinango kuzika akaniachia kazi ya kusanidi kanda, pamoja na maelekezo ya kurasa mbili aliyoyaandika kwa mkono. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nikaona haya mambo nayajua. Nikaielekeza mashine ya kanda ichukue nakala kutoka mashine ya kwanza, kwa jina lake yenyewe, kwa kuwa siku hiyo mafolda yote yalikuwa humo na zile mbili zilikuwa tupu. Nikawasha. Ripoti ikatoka: kazi imekamilika, makosa sifuri. Mzee aliporudi, kichwa kimenyolewa kwa msiba, alitafuta vitu vitatu kwenye kanda, vyote vikatokea, akatia sahihi.

Jumanne tarehe 3 Aprili folda la Bodo lilihamia mashine ya tatu. Hakuna aliyelihamisha, mfumo ulifanya kazi yake. Kanda nayo ikaendelea kuiendea mashine ya kwanza, ikachukua ilichokikuta, na ripoti ikasema kazi imekamilika, makosa sifuri. Ikasema hivyo Ijumaa tano mfululizo. Katika ukurasa wa pili wa maelekezo, mstari wa tatu, Mzee alikuwa ameandika kwamba nakala ichukuliwe kwa jina la pamoja, ili kanda ilifuate folda popote litakapohamia.

Sasa lazima niseme kulikuwa na nini ndani ya folda la Bodo. Akina mama wa Bodo, chini ya Bi Kache Chengo, walianza kupanda mikoko mwaka 2004 mahali palipokuwa matope matupu, na tangu hapo walipiga picha pale pale, vituo kumi na viwili, picha kadhaa kila kituo, kila baada ya miezi mitatu. Mwaka huo wa 2018 muda wao wa kuutunza msitu huo ulikuwa unakwisha, na kulikuwa na waombaji wengine waliodai kwamba msitu ule uliota wenyewe. Kamati iliyopaswa kuamua ilipanga kuwasikiliza Jumatano tarehe 23 Mei. Ushahidi wa akina mama ulikuwa picha zile. Hazikuwapo kwenye karatasi. Zilikuwa kwetu tu, kwa sababu walituamini.

Alhamisi tarehe 10 Mei Mzee alifungua kidaftari chake cha kijani. Nilikuwa sijui kwamba kila Alhamisi alikuwa akiandika kijiji gani kimetajwa. Aliona watu wamekuwa wakitaja Gazi na Vanga, na kwamba Bodo haijaguswa tangu Machi. Bi Kache alikuwa amekuja kuleta karatasi za vipimo. Mzee alimwamkia, akamwomba achague. Bi Kache alitaka picha ya kwanza ya kituo cha saba. Kanda ilizunguka dakika arubaini, na haikutoa kitu.

Mzee alifungua orodha ya yaliyomo katika kila kanda. Ya tarehe 4 Mei haikuwa na Bodo. Ya 27 Aprili haikuwa nayo, wala ya 20, wala ya 13, wala ya 6. Kanda ya sita, ya tarehe 30 Machi, ilikuwa nayo yote. Kanda hiyo ilikuwa Kinango, na zamu yake ya kuandikwa upya ilikuwa kesho yake asubuhi.

 Nilielewa kosa langu pale pale, nikaenda kuchukua ule ukurasa wa pili, nikausoma nimesimama. Mzee hakupandisha sauti. Alimwambia Bi Kache ukweli: picha zake zipo ndani ya mashine, lakini hazina akiba, na kuanzia sasa zitakuwa nayo. Akanituma nikamletee mgeni chai na mahamri. Niliporudi, alikuwa amempigia simu Bwana Randu kumwambia kanda ya sita isitoke kabatini hata akija yeye mwenyewe kuiomba.

Ijumaa tulisanidi upya, safari hii kwa jina la pamoja, yeye akisoma mstari, mimi nikiandika. Tulianza kuchukua nakala mpya nzima katika mojawapo ya zile kanda zisizo na Bodo. Ingekamilika Jumapili. Jumamosi alasiri mvua kubwa ilinyesha na radi ikapiga nguzo ya umeme nyuma ya jiko. Mashine ya tatu ikafa pamoja na diski zake zote, na kanda iliyokuwa ikiandikwa ikakatika katikati, haifai kitu. Kuanzia saa kumi jioni siku ile, miaka kumi na minne ya Bodo ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, ndani ya kibweta kimoja cha plastiki katika kabati la shule, Kinango. Pangekuwa hapana hata hapo, kama Mzee hangeuliza Alhamisi.

Huwa narudi kwenye hesabu hiyo ya siku mpaka leo. Siku moja. Wengine huita bahati. Mimi nilikuwapo, nimekiona kile kidaftari, na nasema si bahati.

Jumapili Mzee alimpigia Bwana Randu kulitengua agizo lake, akaenda kuichukua kanda mwenyewe. Korongo lililo kabla ya Kinango lilikuwa limejaa, akangoja kwa muda wa saa tatu hivi maji yapungue, hotpoti iko mapajani. Jumatatu asubuhi Bi Kache alikuja, akaketi nasi katika chumba cha baridi amejifunika leso mbili. Tuliisoma kanda ile tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi. Hakuna aliyekwenda kula. Mashine ina sauti yake inapopata inachokitafuta, na Mzee aliisikia kabla yetu, akavua miwani.

Ikatokea picha ya kituo cha saba. Wanawake tisa wamesimama matopeni hadi magotini, mbele yao vijiti ambavyo hata mbuzi asingevitamani. Bi Kache alisogeza kiti akawataja wote kwa majina, wale walio hai na wale wawili waliokwisha kutangulia, na kila jina alilifuatisha na dua. Nililia. Mzee Mramba aliinamisha kichwa mpaka dua ilipokwisha, kisha akaniambia niendelee na kituo cha nane.

Tulipoteza picha za Bodo zilizoingia katika wiki sita, kuanzia mwisho wa Machi. Zingine zote zilirudi, zaidi ya elfu tisa. Tarehe 23 Mei Bi Kache alizionyesha mbele ya kamati, kituo kimoja baada ya kingine, matope yakigeuka miche na miche ikigeuka msitu, na akina mama wale wale wakizeeka pembeni mwake. Bodo walipewa msitu wao kwa miaka kumi mingine.

Kisha ikaja zamu ya kuulizwa. Uongozi wa wakati ule ulitaka kujua kanda zilikosaje Bodo kwa wiki tano na ni nani aliyezisanidi. Mkataba wangu wa majaribio ulikuwa unakwisha tarehe 30 Juni. Mzee aliandika taarifa ya nusu ukurasa akisema kwamba yeye ndiye mkuu wa kitengo, sahihi iliyopo ni yake, na kosa ni lake. Alipewa barua ya onyo, na cheo alichokuwa akipandishwa mwaka huo kikasogezwa mwaka mmoja mbele. Nilipopata habari nilitoka mbio kwenda kusema ukweli. Alinikuta kwenye ujia, akanizuia. Alisema kituo kimetafuta kwa miaka mingi mtu ambaye hatauruka ukurasa wa pili maishani mwake, na kwamba mtu huyo amekwisha kupatikana, kwa hiyo itakuwa ujinga kumfukuza. Akanikataza nisilitaje jambo hilo kwa yeyote maadamu yeye ni mkuu wangu.

Nilitii. Nimetii miaka minane, na sijivunii. Nilipandishwa cheo, nikapongezwa, nikatumwa kufundisha vituo vingine jinsi ya kusanidi kanda kwa klasta, na kila mara nikisimama mbele ya watu nilijua nasimama juu ya jina la mtu mwingine.

Katika miaka hiyo Mzee aliendelea kama kawaida. Amewafundisha watu ishirini na sita, ameihamisha data yetu mara mbili kwenda mashine mpya bila kupoteza hata picha moja, na, ukihesabu tangu 2006, amesoma kanda Alhamisi zaidi ya elfu moja. Mpishi wetu alipopoteza hati ya ubatizo wa mwanawe, ikatokea kwamba aliwahi kuitaja Alhamisi moja baada ya kuiskani kwa kificho katika mashine ya ofisi. Mzee alimpa nakala na hotuba fupi juu ya mali ya umma.

Alhamisi tarehe 20 mwezi huu ilikuwa zamu yangu kuchagua. Nilimwomba ukurasa wa pili wa maelekezo yake ya Februari 2018, ambao niliuskani mwenyewe juma lile la radi. Ulitokea baada ya dakika tano, na alama ya kikombe cha chai pembeni. Aliutazama, akanitazama, akaniambia mwandiko wake umeharibika sana tangu wakati ule. 

Jumatatu iliyofuata nilikwenda kwa mkurugenzi wetu wa sasa, Dkt. Immaculate Sanga, nikiwa na maelezo ya maandishi ya kurasa mbili. Alizisoma zote. Kisha aliagiza mafaili mawili, lake Mzee na langu, akaichomoa barua ya onyo kutoka la kwanza, na pamoja na maelezo yangu akaiweka katika la pili, kisha yote mawili yakaskaniwa upya kwa ajili ya kanda. Ameagiza pia ule mwaka wa cheo uhesabiwe katika marupurupu ya Mzee. Mzee hajui. Anaisoma habari hii hapa pamoja nanyi, na ikiwa amekasirika, tarehe 31 si mbali.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo, na kwa niaba ya akina mama wa Bodo walioleta kikapu cha kaa ambacho hadi tunaandika haya kinatembea jikoni, tunakushukuru wewe, Mzee, na tunamshukuru Mama Lenah kwa kutukopesha mumewe na sweta lake. Mungu akupe umri na afya huko Kinango, mbuzi wako wazaane, na mlangoni pa zizi uwe na nafasi ya kugusa kila mgongo.

Nenda kwa amani. Hotpoti umeniachia na ufunguo wa kabati ninao. Alhamisi tarehe 3 Septemba, saa tisa alasiri, mtu wa kwanza nitakayemfuata ni Bi Kache. Nilipompigia simu kumwalika na kumweleza habari hii, aliniambia amekwisha kuchagua: faili lako la kazi, alione lilivyo safi.